Sura ya Mama kwenye Filamu ya Vuyo

Tangu nirudi ninaulizwa swali moja na watu tofauti: huko Johannesburg kulikuwaje? Wengine mnauliza kwa sababu mlinisindikiza stendi mkabaki na wasiwasi wenu. Wengine mnauliza kwa sauti ya chini, mkiwa mmekwisha kusikia filamu yenyewe inahusu nini. Nimechoka kusimulia nusu nusu mlangoni huku wali unaungua jikoni. Hapa nimeandika yote. Habari za pasipoti na tiketi nimeziruka, maana sijaona mtu aliyewahi kuzifurahia.

Kwanza niwakumbushe Vuyo ni nani, kwa ajili ya wale ambao hawakumkuta. Miaka ile wapigania uhuru wa Afrika Kusini walipokuwa na kambi yao nje ya Morogoro, mama yangu, Perpetua, alikuwa akiuza mchicha na ndizi langoni kwao. Vuyo alikuwa kijana wa kambi. Alipoanguka kwa malaria na zahanati yao ikawa imejaa, Mama alimleta kwetu akamuuguza. Alipona, lakini hakuondoka sawasawa. Kila mwisho wa wiki alirudi, akalala chumbani kwa kaka yangu Cosmas, akachota maji, akala ugali wetu. Mama alimwita mwanangu mbele za watu. Nitasema na hili pia, kwa kuwa baadhi yenu mlikuwepo: Mama alikuwa akimtazamia awe mkwe wake, na mimi, msichana wa miaka kumi na saba, sikuwa na neno. Kisha ghafla habari hiyo ikaisha. Mama aliniambia tu, "Vuyo ni kaka yako," na sikuthubutu kuuliza. Kwa muda mrefu niliamini kwamba alinitazama akaona sifai.

Nchi yao ilipofunguka alirudi kwao. Tukabaki kusalimiana kwa simu wakati wa Krismasi. Mama alipofariki alilia kwenye simu mpaka nikawa mimi ninayembembeleza.

Mwaka huu akanipigia mwanamke anayeitwa Dineo, mtengenezaji wa filamu za matukio ya kweli. Alisema amemaliza filamu kuhusu watu wa kwanza waliojitokeza hadharani Johannesburg kudai haki za watu wanaopenda wenzao wa jinsia yao. Vuyo ni mmoja wao. Moyo wake umechoka, madaktari hawampi matumaini makubwa, na ameomba siku ya kuonyeshwa filamu awepo mtu wa nyumbani kwake Morogoro akae karibu naye. Kwa simu moja nikajua mambo mawili: kwamba Vuyo ni mtu wa namna hiyo, na kwamba bado anaihesabu nyumba yetu kuwa kwao. La kwanza lilinikosesha usingizi. La pili ndilo lililonipandisha basi.

Msamvu hadi Nakonde

Cosmas, ambaye siku hizi ni mwenyekiti wa parokia, alinibebea begi hadi stendi ya Msamvu. Aliniambia nimsalimie mgonjwa, ila nisikubali kupigwa picha. Nilimwambia naenda kukaa kwenye kiti tu.

Njia ya Iringa na Mbeya mnaijua. Mpakani Tunduma tulisubiri tukala chipsi zilizokuwa zimepoa, na tulipovuka upande wa Nakonde akapanda mama mmoja mnene, mchangamfu, akakaa pembeni yangu na nusu ya kiti changu. Jina lake Mama Bwalya, Mzambia, huwa anakwenda Johannesburg kuchukua mablanketi ya kuuza. Kiswahili chake cha mpakani kilikuwa chepesi kuliko changu. Aliniuliza naenda kwa nani. Nikasema kwa kaka yangu mgonjwa. Akauliza mke wake anamhudumiaje. Nikasema hana mke, hajaoa. Mama Bwalya akashika kifua. Alinihurumia kuliko kama ningesema kaka amefariki.

Mpika

Baada ya Mpika giaboksi ikakataa. Dereva aliingia chini ya basi, akatoka, akatuambia kwa upole kwamba kifaa kinatoka Lusaka. Sote tulielewa maana yake. Tulishuka, tukatandika kanga chini ya kivuli cha basi lenyewe. Wanawake wa kijiji cha jirani wakatujia na mahindi ya kuchoma, viazi vitamu, na viwavi waliokaushwa wakakaangwa kwa nyanya. Mama Bwalya alinunua viwavi, akanisogezea sahani pamoja na nshima, ambayo ni ugali wetu uliolainishwa. Nilimla mmoja kwa heshima. Wa pili nilimla kwa sababu alikuwa mtamu.

Kabla ya kula ndipo lilipotokea jambo ambalo hadi leo nikilikumbuka nacheka peke yangu. Alisimama katikati ya abiria wote, akafumba macho, akamwomba Mungu ampe kaka yangu mke mwema, mwenye subira, wa kumfulia na kumpikia katika ugonjwa wake. Aliomba kwa Kibemba, kisha akarudia kwa Kiswahili ili nisikose kitu. Abiria wakaitikia. Nami nikasema amina, sahani ya viwavi mkononi, kwa sababu sikujua la kusema na kwa sababu alikuwa akimwombea Vuyo kwa moyo wake wote. Sijawahi kuombewa jambo lisilofaa kwa upendo mkubwa namna ile.

Kifaa kilichelewa kufika. Nilimpigia Dineo nikamwambia tumekwama, akanituliza, akasema tutaonana tu. Lakini hesabu niliijua. Filamu ilikuwa inaonyeshwa Jumamosi, na Jumamosi ilinikuta bado tuko Zambia.

Lusaka, Harare, Beitbridge

Toka Lusaka tulipanda basi jingine. Mteremko wa Chirundu niliupita nimeshika mkono wa Mama Bwalya, naye akiwa ameshika rozari yangu ingawa si Mkatoliki. Harare tulikunywa chai kwenye vikombe vya bati na mkate uliopakwa siagi ya karanga, tukiwa tumesimama. Sikuwa na raha. Nilikuwa nikiwaza kwamba mtu mgonjwa aliomba kitu kimoja, kiti kimoja kijazwe, na mimi ndiye niliyetumwa, na kiti kilikaa bure.

Beitbridge, mpakani mwa Zimbabwe na Afrika Kusini, ofisa mmoja aliniuliza ninakwenda kufanya nini. Nikajibu kwa Kiingereza changu cha chekechea, maana miaka yote nilifundisha watoto wadogo, kwamba naenda kumtazama kaka. Akauliza kumtazama wapi. Nikasema kwenye filamu. Akaniangalia, akadhani kaka yangu ni mwigizaji maarufu, akamwita mwenzake. Walitaka jina lake. Nikawaambia hamumjui, ni mzee wa kawaida. Wakacheka wakanipitisha, na abiria mmoja kwenye foleni akaniuliza kama naweza kumpatia kazi ya uigizaji.

Park Station

Mama Bwalya aliagana nami Park Station, akanikumbatia, akasema ataendelea kuomba mpaka arusi ipatikane. Nikamshukuru.

Dineo alikuwa amenitumia ujumbe kwamba anakuja kunichukua sasa hivi. Nikasimama mlangoni na begi langu, sikukaa hata kwenye benchi, nisije nikamkosa. Watu walipita, walinzi wakabadilishana zamu, nami nimesimama wima kama mlingoti. Miguu ilipoanza kuvimba akatokea msichana mwembamba mwenye nywele zilizosukwa vizuri sana, akaniita kwa Kiswahili.

"Mama Anna? Ni mimi Chantal. Dineo gari lake limekataa. Eish, umesimama hapa tangu asubui?"

Nikamwambia Dineo alisema anakuja sasa hivi. Chantal akacheka, akabeba begi. Akanieleza kwamba huku mtu akisema sasa hivi anamaanisha baadaye, akipenda. Akitaka kuja kweli anasema sasa hivi mara mbili.

Chantal ni Mrundi, msusi, ana saluni ndogo na wenzake Joubert Park, pale pale jirani na stesheni. Njiani aliniambia anaishi nyumbani kwa Vuyo, chumba cha nyuma, yeye na mwenzake. Alisema "mwenzangu" kwa utulivu huku akinitazama kwa pembe ya jicho, apime nitafanya nini. Nikamuuliza kama huyo mwenzake anajua kupika, maana nilikuwa na njaa. Akasema anajua sana, ni Mkongo, jina lake Mado, anashona nguo. Mabega ya Chantal yakashuka kidogo, tukaendelea kutembea.

Bertrams

Nyumba ya Vuyo iko Bertrams, si mbali na uwanja mkubwa wa mpira. Ya matofali, baraza mbele, mlango wa chuma. Alikuwa amekaa kwenye kochi na blanketi magotini. Nilikuwa nimemwacha kijana anayeruka mifereji. Huyu alikuwa mzee mwenye mikono myembamba na miguu iliyovimba. Alipojaribu kusimama nikamwahi.

"Shikamoo, dada," akasema.

Ni yeye aliyenizidi umri, lakini Kiswahili chake kilikuwa kimekaa kabatini miaka mingi, na salamu ya kwanza aliyoikuta ndiyo hiyo. Nikaitikia marahaba. Tukacheka wote wawili mpaka tukalia, au tulilia mpaka tukacheka, sikumbuki kilichotangulia.

Nilimwomba radhi kwa kuikosa Jumamosi. Chantal akanieleza ilivyokuwa: filamu ilionyeshwa kwenye ukumbi wa kanisa moja karibu na Joubert Park, watu wakajaa hadi wengine wakasimama, na Vuyo akaweka koti lake kwenye kiti cha pembeni yake. Kila aliyetaka kukaa hapo, Vuyo alimwambia dada yake yuko njiani. Vuyo akapunga mkono kama anayefukuza nzi. Alisema tutaitazama tena, mimi na yeye, kesho, hapa hapa sebuleni. Ndipo Mado akaleta fufu, ugali wa muhogo, na sombe, yaani kisamvu chetu kilichotiwa samaki, nikala kama mtu aliyefungwa.

Kesho yake mchana Chantal akaunganisha kompyuta na televisheni. Dineo naye alikuwa amefika, mwanamke wa makamo, mpole, kichwa amenyoa. Nilikaa karibu na Vuyo kama alivyotaka.

Sikujua filamu ya namna hiyo ikoje. Nilidhani nitaona mambo ya kunifanya niiname. Niliona mikutano jikoni kwa watu. Niliona muuguzi mzee akieleza walivyokuwa wakikutana nyumbani kwake huku redio imefunguliwa kwa sauti, majirani wasisikie. Niliona picha za maandamano ya mwanzo kabisa katikati ya jiji, watu si wengi, baadhi wamejivika mifuko ya karatasi kichwani yenye matundu ya macho. Mmoja wa wenye mifuko, alisema Vuyo kwenye filamu, alikuwa yeye. Watu humwambia alikuwa shujaa kwa kuuvua mfuko ule. Hakuuvua. Ulilowa jasho ukachanika, na wenzake wakamcheka, na alipoona bado yuko hai baada ya kuchanika akaendelea kutembea bila mfuko.

Vuyo wa kwenye kochi alikuwa akicheka pamoja na Vuyo wa kwenye televisheni.

Kisha wakaonyesha jinsi watu wale walivyohangaika mpaka katiba mpya ya nchi ikaandikwa ikiwalinda na wao. Kisha, bila kuonywa, nikaiona Morogoro. Milima yetu. Lango la kambi. Dineo alinieleza baadaye kwamba mgeni mmoja wa Ulaya alizipiga picha zile enzi hizo, zikakaa kwenye makopo mpaka yeye alipozipata. Wanawake wanauza mboga langoni, na mmoja anakuja na kapu kichwani, kanga yake naijua, mwendo wake naujua, lakini mahali pa uso palikuwa na ukungu wa kijivu, kama dirisha lililopumuliwa.

Umeme ukakatika hapo hapo.

Mado akatoka nje, akarudi akasema kebo ya mtaa imeibwa tena, tusitarajie leo. Hakuna aliyesogea. Nikauliza kwa nini wamemfuta mama yangu uso.

Dineo akaeleza kwamba hakuwa na ruhusa ya familia. Anajua sheria za kwetu na maneno ya watu, na filamu itazunguka, itafika hata Afrika Mashariki. Hakutaka marehemu na watoto wake waingizwe kwenye jambo ambalo hawakulichagua. Alikuwa anataka kuniuliza ana kwa ana, na nikikataa ukungu utabaki.

Nilimgeukia Vuyo nikamuuliza Mama alijua nini.

Alipanga maneno kwanza. Kiswahili chake kilikuwa kinarudi taratibu.

"Unakumbuka alitaka nikuoe?" akasema. "Nilikuwa naogopa. Kudanganya kambini ni kitu kimoja, huko kila mtu anaficha kitu. Kumdanganya mama yako, hapana. Alikuwa anachambua maharage. Nikamwambia mimi siwezi kumpenda mwanamke vile mume anavyompenda mke. Nikamwambia mimi niko hivi."

"Akasema nini?"

"Kwanza hakusema. Alichambua maharage mpaka yakaisha. Mimi nimekaa pale, nasema leo nafukuzwa. Halafu akasema, 'Umeniambia mwenyewe, hukuletwa na maneno ya watu. Basi Anna ni dada yako. Kambini usiwaambie, watakuumiza. Hapa ni kwako.' Halafu akaniambia nikalete kuni."

Alisimulia kwamba miaka iliyofuata, kila aliposimama kwenye mkutano na mtu akainuka kusema jambo hili si la Kiafrika, limeletwa na wageni, hakuwa na jibu la vitabu. Alikuwa anamkumbuka mwanamke wa Kiluguru na maharage yake, ambaye hakuwa amesoma ilani ya chama chochote, na hapo alipata nguvu ya kuendelea kuongea. Na Chantal alipofukuzwa na Warundi wenzake kwenye fleti waliyochangia kodi, akaja kugonga na mfuko wa plastiki wa nguo, Vuyo alimpa chumba cha nyuma kwa maneno yale yale: hapa ni kwako.

Chantal alikuwa amesimama mlangoni. Alisema hakujua kwamba maneno yale yalikuwa na mwenyewe.

Nami nilikuwa nimekaa nikiwaza yangu. Kumbe sikukataliwa. Mama alibeba siri ya mtu mpaka kaburini, hata kwangu, na katika kuibeba aliniacha nidhani nina kasoro, kwa sababu hakuwa na njia ya kuniambia bila kumfichua Vuyo. Sikumkasirikia. Nilitamani tu ningekuwa naye pale tuchambue maharage wawili.

Joubert Park

Chantal alinipeleka saluni kwake anisuke, akisema kichwa changu kimebeba vumbi la nchi nne. Wateja wake ni Wakongo, Warundi, Watanzania wachache. Kiswahili cha kila namna kilikuwa kikiruka juu ya kichwa changu, na watoto waliozaliwa huku wakiwajibu mama zao kwa Kizulu. Waliposikia ni dada wa muzee wa filamu wakanigeukia, wakaanza kuongea wote pamoja.

Mmoja wao, Mkongo mwimbaji wa kwaya, aliniambia alikwenda Jumamosi ile kwa ajili ya Chantal tu, ambaye alimsuka bure wakati wa msiba wa mumewe. Alisema hajakubali yote aliyoyaona. Lakini yule mtu aliyechanikiwa mfuko alimtoa machozi, na tangu siku ile kila jioni anamsalimia Mado, ambaye zamani alikuwa akimpita. Kwake hiyo ilikuwa hatua kubwa na aliisema kwa fahari kidogo. Niliielewa, kwa sababu na mimi nilikuwa natembea kwa mwendo huo huo.

Jioni nilimpigia Cosmas. Nilimweleza kuhusu picha za Mama, na ukungu, na maharage. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema Mama asiingizwe humo, kwamba yeye ana watu parokiani wanaomtazama, na kwamba marehemu hawezi kujitetea. Nikamwambia Mama alijitetea tayari, alisema alichosema, na Vuyo yuko hai anashuhudia.

"Anna, utaturudia nyumbani na aibu," akasema.

"Kaka, mimi ndiye niliyebaki kwenye nyumba yake," nikamjibu. "Sitaki aonekane kama mtu aliyefanya jambo baya."

Akakata simu. Nilikaa kwenye baraza ya Vuyo kwa muda. Nilikuwa naogopa kweli, msidhani vinginevyo. Nilimuuliza Vuyo angefanya nini, akakataa kunisukuma. Alisema yeye alivaa mfuko, kwa hiyo anajua kwa nini watu wanajifunika, na hatanipenda pungufu nikiuacha ukungu ule mahali pake. Nadhani angenisukuma ningerudi nyuma.

Randburg

Ofisi ya Dineo iko Randburg, ghorofani juu ya duka la viatu. Chantal alinisindikiza, tukabadilisha teksi, ambazo ni daladala za huku, na kila dereva alitaka kujua kanga yangu imeandikwa nini. Humo ndani mna skrini kubwa na viti viwili. Nilimwambia Dineo aondoe ukungu, na aweke jina lake: Perpetua, mama wa Vuyo wa Morogoro. Aliniuliza kama nina hakika. Nikamwambia sina, lakini aondoe.

Alibonyeza vitu vyake. Ukungu ukatoka.

Mama alikuwa mdogo kuliko mimi wa leo. Hilo ndilo lililonishtua kwanza. Alikuja na kapu lake, na yule mgeni mpiga picha bila shaka alikuwa akitembea kinyumenyume mbele yake, maana picha ilikuwa ikiyumba. Mama akacheka, ule mcheko wa kufunika meno kwa mkono, akasema, "Angalia nyuma, baba, utaanguka." Picha ikaruka, ikaonyesha mbingu, ikaonyesha majani. Mpiga picha alikuwa ameanguka mtaroni. Na sauti ya Mama ikaendelea kusikika akicheka mahali ambapo haonekani.

Sisi hatuna sauti ya Mama. Hatukuwa na kinasa sauti, na alipofariki simu za kurekodi zilikuwa za wenye uwezo. Miaka yote nilidhani nimeisahau. Nilimwomba Dineo arudie, akarudia, na aliporudia tena hakuningoja nimwombe. Chantal alinishika mkono.

Kurudi

Niliagana na Vuyo asubuhi, barazani. Tulijua sote wawili kwamba huenda hatutaonana tena, na hatukusema hivyo. Aliniomba nikifika nipite kaburini kwa Mama nimwambie kiti kilijazwa. Nikamwambia kilijazwa kwa kuchelewa. Akasema kwa Mama hilo si neno, alizoea kutungoja.

Safari ya kurudi haikuwa na kisa. Mabasi yote yalitembea. Nilinunua mahindi Mpika kupitia dirishani, nikamkumbuka Mama Bwalya.

Nyumbani nilipita kaburini kama nilivyotumwa. Cosmas hakuja kunisalimia. Wapo na wengine waliopunguza kuja. Nawaelewa, na mlango haujafungwa. Wapo waliokuja zaidi, na mmoja wenu alikaa jikoni kwangu akanieleza habari za mwanawe ambazo hajawahi kumweleza mtu. Kwa huyo peke yake, safari imelipa.

Kisha Jumapili moja baada ya misa Cosmas akaingia, hakubisha hodi, akakaa. Alisema amesikia kwamba Mama anaonekana anacheka. Anataka kuona hapo tu, si pengine. Nikamwambia ukweli, kwamba sijui kuruka vipande kwenye hii simu, Chantal aliniwekea tu filamu nzima. Akaguna. Tukaanza mwanzo. Aliona mikutano ya jikoni, aliona maandamano, aliona mfuko ukichanika. Mikono alikuwa ameifumbata magotini kama yuko kanisani.

Mama alipotokea na kapu lake Cosmas aliinama mbele. Mama alipocheka, Cosmas akafunika mdomo wake kwa mkono, vile vile alivyofanya Mama, na sidhani kama alijua anafanya hivyo. Alininyang'anya simu akajaribu kurudisha mwenyewe, akashindwa kama mimi, akanirudishia.

Tulipomaliza akauliza kama Vuyo bado yuko hai. Nikasema yuko, ila ni dhaifu.

"Mpigie," akasema.

Simu iliita kwa muda mrefu. Chantal akapokea, akampelekea mgonjwa. Nilisikia pumzi ya Vuyo, kisha alo yake. Nikampa Cosmas simu.

"Vuyo," akasema, "ni mimi, Cosmas. Niko hapa na Anna. Tumemwona Mama."

Nikatoka nje nikawaachia chumba. Walizungumza mpaka chai niliyomwekea Cosmas ikapoa kabisa. Walichoambiana sikukisikia, na sijamuuliza.